Mwanamke Ndani ya Birika

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza, umewahi kumwonea wivu mwanamke aliyemo ndani ya birika? Philomena yalimpata, huko Toronto, na wala hakuwa mjinga.

Ilikuwa mwaka 2014, kanisa lao la Parkdale lilipouza vitu vya mitumba. Ukumbi ulifurika, maandazi yananukia, watoto wanaulizwa kwa Kiswahili wanajibu kwa Kiingereza. Philomena, ndani ya gauni la kitenge la bluu, mtandio mwekundu shingoni, akashika mkono wa birika moja linalong'aa kama kioo. Kumbe upande wa pili kuna mtu kashika mdomo wa birika hilo hilo.

"Samahani dada, nimeliona mimi kwanza."

"Macho hayashiki, kaka yangu."

"Wewe si utachemshia chai tu?"

"Kwani wewe utalioa?"

"Nitalipiga picha."

Philomena alicheka mpaka mama mchungaji akageuka. Yule kijana, Cyprian, alikuwa mpakiaji wa mizigo, akiishi kule Malton, nje kidogo ya jiji, na siku za mapumziko alipiga picha vijiko, vikombe, hata pasi. Philomena akalinunua birika, akamwazima.

Basi, birika likazaa simu, simu zikazaa Jumamosi. Philomena alikwenda kwake kumshikia karatasi nyeupe huku yeye akisogeza taa, mara huku, mara kule.

"Mwanga wangu, inua kidogo."

"Mkono umekufa ganzi, Cyprian!"

"Vumilia, kivuli kinakaa vizuri."

Juu ya kivuli cha kijiko angeweza kuzungumza mpaka chai ipoe. Neno la ndoa, ambalo Philomena alilisubiri kama mtu anavyosubiri theluji iyeyuke, halikumtoka.

Siku moja Cyprian akamtumia picha ya birika kwenye simu. Philomena akaikuza kwa vidole. Lo! Kwenye tumbo la birika amesimama mwanamke mwembamba, mavazi mekundu. Akapiga simu pale pale.

"Ni nani huyo mwekundu?"

"Aa, huyo!" Cyprian akacheka. "Bila yeye picha haina uhai."

Philomena akakata simu. Wiki nzima hakupokea. Jumamosi akapanda basi, akabadilisha jingine, mpaka Malton.

"Nimefuata birika langu."

"Mwanga wangu, nimekukosea nini?"

Philomena akampita mlangoni. Akaingia. Mapazia yamefungwa, taa mbili zinawaka, birika limekaa juu ya karatasi. Na mbele yake, umeegemezwa kitini, ufagio umejifunga mtandio mwekundu. Mtandio wake mwenyewe, aliousahau hapo!

"Ndiye huyu?"

"Ndiye. Birika hilo linaonyesha kila kilicho mbele yake. Nikilizungushia weupe mtupu, kingo zinapotea, linakuwa kama maiti. Linataka rangi kidogo."

Philomena akaketi sakafuni, akacheka mpaka machozi. "Yesu wangu! Wiki nzima nimeununia ufagio!"

Akainuka, akauvua ufagio mtandio, akajitanda, akasimama pale pale ulipokuwa. Ndani ya birika akatokea yeye. Cyprian akainamia kamera.

"Sogea kushoto kidogo, mwanga wangu."

"Sisogei. Acha hiyo kamera, nitazame mimi, siyo birika."

Cyprian akainua uso, mikono haina pa kukaa.

"Mama alinifundisha mwanamke hatangulii kusema," Philomena alisema. "Lakini mama hakukujua wewe. Nioe, Cyprian."