Uzi Kutoka Nairobi Hadi Lindi

Kila alfajiri, kabla ya shule, Getrude aliteremka bondeni na Bibi Magdalena kuteka maji. Newala iko juu, chemchemi ziko chini. Kuteremka ni mchezo, kupanda na mtungi kichwani ni kazi. Nyumbani kwao hata maji ya kunawa uso hayakumwagwa ovyo.

Wiki ile Bibi alikuwa akiweka akiba ya maji. Babu alikuwa amezikwa bila mwanawe Vitalis, aliyefanya kazi Nairobi. Sasa mwajiri wake alikuwa amemlipia ndege hadi Lindi, na Bibi alitaka mwanawe akute maji ya kuoga kabla ya kwenda kaburini kwa baba yake.

"Getrude, wewe unasoma. Mjomba wako akipanda ndege Alhamisi asubuhi, atafika lini?"

Shuleni, Getrude alinyoosha uzi juu ya ramani, kutoka Nairobi moja kwa moja hadi Lindi. Akapata maili mia sita na kitu. Mwalimu alikwisha kuwafundisha mwendo wa ndege za siku zile, maili mia moja na sitini kwa saa. Akagawanya, akapata saa nne. Alikumbuka pia mwalimu akisema kwamba abiria wa kusini hubadili ndege Dar es Salaam, na pengine hulala huko. Lakini saa nne lilikuwa jibu tamu.

"Alhamisi hiyohiyo, Bibi! Jioni yuko hapa."

"Una hakika?"

"Nimepima."

Binamu yake Silvano akacheka. "Na kutoka Lindi je? Au ndege itatua juu ya mkorosho wenu?"

"Nyamaza, hata kugawanya hujui!"

Alhamisi majirani walikuja kumlaki Vitalis. Wakapikiwa, wakanawa, wakanywa. Giza likaingia, mgeni hakuonekana. Walipoondoka, mitungi ilikuwa mikavu. Bibi akakaa kizingitini, shavu mkononi.

"Labda ndege imeanguka," alisema polepole. "Baba, na sasa mwana."

Getrude alishindwa kuvumilia. "Haijaanguka, Bibi. Nilipima angani tu. Dar es Salaam huwa wanalala, na lori la kutoka Lindi sikulihesabu. Nilijua, sikusema."

Bibi akashusha pumzi ndefu. "Afadhali," akasema.

Kulipokucha Getrude aliteremka bondeni, akapanda, akateremka tena. Mara ya pili Silvano alimfuata na debe, akinung'unika, "Uzi wako ungepima na mlima huu."

Jumamosi lori lilimshusha Vitalis, mwekundu kwa vumbi. Maji yalikuwa motoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Ndege haikunichosha. Lori ndilo limenizeesha!"

Alipokwisha kuoga, Bibi alimshika Getrude mkono. "Hesabu yako ilikuwa nzuri, mjukuu wangu. Lakini mtu akiwa anangoja, mwambie yote unayoyajua, hata yale asiyopenda kusikia. Maji tumeteka tena. Usiku ule wa Alhamisi, mimi nilikwisha mzika mwanangu."

Kisha wakashika njia ya makaburini, Vitalis mbele.