Aliyeshika Kamba

Sauti ya ukingoni iliitikia kabla mpima maji hajasoma.

“Sitini na mbili.”

Alikuwa mtoni, maji yakimfika mapajani, kamba kiunoni. Aliinamia ubao wa kipimo, akafuta tope kwenye namba. Sitini na mbili kweli.

“Kaka, siku hizi unaagua?”

Kimya. Kaka yake hakuwa mtu wa kupitisha utani bila kuurudisha. Hakumwona, matete yalisongamana ukingoni, na kamba ilitokea katikati yake, imekazwa vizuri. Ndivyo walivyofanya kazi tangu mto ulipomchukua mpimaji aliyewatangulia: dada aingie, asome kwa sauti, kaka ashike kamba, arudie alichosikia, aandike.

Akazamisha mashine ya kupimia kasi ya maji. Upepo ukaleta harufu ya nywele zilizoungua.

“Unachoma nini huko?”

“Sogea mbele kidogo, Sisimizi.”

Jina la utotoni. Kaka peke yake ndiye aliyemwita hivyo. Akasogea.

Pikipiki ikanguruma darajani. Aliinua macho, akamwona abiria aliyekumbatia begi, na mbele yake dereva aliyevaa shati ambalo yeye mwenyewe alilipiga pasi jana, na uso wa kaka yake ukimtazama kama mtu aliyefumaniwa, huku chini, kiunoni mwake, kamba ikivutwa taratibu, mara moja, kisha tena, kama mtu anayemtoa mwenzake wasiwasi kwamba yupo.

Alilifungua fundo. Kamba ikamezwa na matete, na hakuna jani lililotikisika. Alijikokota hadi maji ya magotini, mbali na matete, na hapo ndipo kaka alipomfikia, akihema.

“Tangu lini?” dada alinong’ona.

“Tangu mvua zilipoanza. Asubuhi ndiyo abiria wapo, dada, na watoto wanataka kula. Nilikuwa nimekaa hapa nalalamika peke yangu, lile la kwenye matete likaniuliza nina shida gani. Likasema litanishikia kamba. Halijawahi kukuachia. Linashika kuliko mimi.”

“Likataka nini?”

“Halikutaka kitu.”

“Kaka.”

“Jina lako la nyumbani. Na fundo nilifunge mimi, kwa mkono wangu. Liliapa halitakuvuta kamwe. Eti likikuzoea, utakwenda mwenyewe. Nikacheka moyoni. Dada yangu huyu, nani wa kumwamrisha? Nikajua nimeliweza.”

Alitafuta tusi la kumtupia, akalikosa. Kaka hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchoma. Aliikumbuka mikono yake kila asubuhi, ikikaza fundo, ikilijaribu, kisha ikimpiga kofi dogo mgongoni: haya, nenda. Akampa kisogo ili asimwone akilia.

“Sisimizi, unakwenda wapi?” kaka aliuliza.

Hakujua kama alikuwa anakwenda. Maji yalikuwa kiunoni, kisha kifuani, na miguu ilitembea bila kusukumwa na mtu, wala maji hayakuwa baridi tena, na ile harufu ya nywele zilizoungua, iliyomkirihi muda mfupi uliopita, sasa ilimjia kama harufu ya mtu wa nyumbani.

“Rudi! Rudi, mdogo wangu!” Nyuma yake kaka alilia kwa sauti iliyopasuka.

“Nimekushika,” sauti ileile ikasema mbele yake, polepole.

Akaifuata ile ambayo haikuwahi kumwacha hata asubuhi moja.