Ukiitwa, Usiitike

Nilifika studio jua linazama. Nilitoka kazini moja kwa moja, hata sare ya zahanati sikuvua. Nilifuata kitu kimoja tu: diski ya marehemu mume wangu.

Ni kiboksi cheusi, kinaenea kiganjani. Lakini ndani yake ilikaa miaka kumi na tisa ya kazi yake. Harusi, mahafali, mazishi, watoto wanaozima mishumaa ya keki. Mume wangu alikuwa mpiga video. Alikuwa na miezi minane kaburini, na mimi nyumbani sikuwa na video yake hata moja. Ndivyo walivyo watu wa kazi ile. Wanawachukua wenzao, wao hakuna wa kuwachukua.

Mimi nilitaka sauti yake.

Nilijua imo mule. Kila harusi aliyopiga, utamsikia nyuma ya kamera: "Bi harusi, kidevu juu kidogo." "Mzee, sogea kushoto." Na nilikuwa nimeanza kuisahau, kwa sababu miezi sita ya mwisho hakuwa nayo. Ilianza kukwaruza, ikawa mnong'ono, ikakatika. Madaktari walimmulika koo mara tatu hawakuona kitu. Alikufa akiniandikia kwenye karatasi.

Studioni nilimkuta mhariri, rafiki yake, ambaye kwa miaka yote ile ndiye aliyekuwa akizikata na kuziunganisha zile video. Alikuwa ameshaiweka diski mezani, mbali naye, kama mtu aliyetengewa chakula asichokitaka.

"Shemeji," alinong'ona, "nilikuomba uniruhusu niitupe."

"Una mafua?" nilimuuliza.

Alitikisa kichwa.

"Vitu vya mume wangu havitupwi," nikamwambia.

"Basi usiangalie peke yako."

Nilicheka. "Niangalie na nani, shemeji? Na paka? Hata paka mwenyewe alishahama."

Hakucheka. Alinipa kile kiboksi lakini vidole vyake vilichelewa kukiachia. Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake sikioni.

"Ukiitwa... usiitike."

Niliondoka nikimhurumia. Nilidhani msiba umemvuruga.

Nyumbani ni vyumba viwili. Sebuleni kuna kochi la watu wawili, na mimi bado nakaa upande wangu. Nilichomeka waya nyuma ya televisheni, nikashika rimoti. Kioo kikafikiri kidogo, halafu yakaja mafolda, moja chini ya jingine, yote kwa majina aliyoyaandika yeye. "Harusi ya kinyozi." "Mapacha, mwaka mmoja." "Mazishi, mvua kubwa." Nikafungua ile ya kinyozi.

Ukumbi, maputo, watu wanacheza. Nilisubiri. Dakika ya nne ikaja.

"Mzee, sogea kushoto kidogo. Hapo hapo."

Nililia kama mtoto. Nikarudisha nyuma. Nikaisikia tena. Nikarudisha, nikarudisha. Mara ya kumi, mara ya kumi na moja, simchoki.

Mara ya kumi na mbili alisema, "Mzee, sogea kushoto kidogo. Hapo hapo." Akakohoa.

"Jirani, umekula?"

Rimoti ilinidondoka.

Jirani ni mimi. Kabla hajanioa tulipanga nyumba moja, mlango kwa mlango, na jina lile halikuisha hata baada ya ndoa. Hakuna mwingine duniani aliyeniita hivyo. Na kwenye harusi ya kinyozi mimi sikuwepo.

Pale kwenye kioo watu waliendelea kucheza. Hakuna aliyegeuka. Chumba changu kikaanza kunuka vumbi linaloungua, ile harufu ya taa ya kamera ikiwaka muda mrefu.

"Jirani?"

Ningefanyaje? Miezi minane hakuna mtu aliyeniuliza kama nimekula.

"Bado," nikasema.

"Kula basi. Nakusubiri."

Nilikula. Nilikula mbele ya televisheni, na yeye akaniuliza habari za kazini.

Kesho yake nilihesabu saa. Mimi ni karani wa mapokezi; kazi yangu ni kuita majina ya wagonjwa. Ukumbi una watu mia mbili na feni mbovu, na sijawahi kuhitaji mashine ya kunikuzia sauti. Wenzangu wananiita Kipaza. Siku ile kufika mchana sauti ikaanza kukwaruza.

"Kipaza, leo betri zimeisha?" muuguzi alinitania.

Nilicheka naye. Sikufikiria chochote. Nilifikiria jioni tu.

Jioni ya pili nilifungua ile ya mapacha, na hakunikawiza. Tuliongea mpaka chai ikapoa. Kuhusu bomba linalovuja. Kuhusu yule mwenye nyumba wetu wa zamani aliyekuwa akihesabu mpaka ndoo zetu za maji. Nilimwambia jinsi nyumba ilivyo kubwa siku hizi, vyumba viwili tu lakini mtu unapotea. Aliniambia, "Endelea. Sema. Napenda ukisema." Nikasema. Nilisema maneno ambayo sijamwambia mtu tangu mazishi.

Asubuhi yake niliita mgonjwa wa kwanza, ikatoka pumzi. Nikaita tena. Mama mmoja mstari wa mbele akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hatukusikii." Walinipa ruhusa nikapumzike.

Hapo mwenye akili angejiuliza. Na mimi nilijiuliza, sitasema uongo. Mume wangu alianza hivi hivi. Nilikaa kwenye kochi tangu saa tisa, diski mapajani, nikijiambia leo sifungui. Kufika saa kumi na mbili, nje watu wanarudi makwao, wanaitana, milango inafunguliwa, mabati yanagonga...

Nikafungua.

Harusi ya kinyozi tena. Lakini hakukuwa na muziki. Watu walikuwa wamesimama ukumbini, mikono imeshuka, na wote wamegeukia kamera.

"Jirani," alisema, "leo sema jina langu. Jina lote. Taratibu."

Nilifungua mdomo.

Ndipo nikamwona. Meza kuu, katikati ya bwana na bibi harusi, alikaa bibi kizee. Hakuwepo siku ile ya kwanza. Alikuwa amejifunika shuka mpaka mabegani, kama mtu aliyetolewa kitandani. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Sema, Jirani."

Midomo ya yule bibi ilisema: sema, Jirani.

"Jina lote."

Midomo ya yule bibi ilisema: jina lote.

Sauti ya mume wangu ilikuwa inatoka kinywani mwake.

Bibi akainama mbele, akatabasamu. Hana jino hata moja. Akanyoosha mkono kama anayempokea mtoto.

Halafu picha ikatikisika, kama mkono ulioshika kamera umetetemeka. Na nyuma ya kamera, karibu kabisa, nikasikia pumzi ngumu. Pumzi ile naijua. Nililala pembeni yake miezi sita.

"Jirani..." ilikuwa mnong'ono, umekwaruza, hauna nguvu. "Usiitike. Zima."

Bibi akageuza shingo haraka kumtazama aliyeshika kamera. Tabasamu likafutika.

Nikaruka, nikauvuta waya.

Asubuhi mapema nilikuwa mlangoni kwa mhariri. Aliponiona nimefungua mdomo ikatoka pumzi tu, alikaa chini kwenye ngazi, akajishika kichwa. Tulibaki pale wawili, tunanong'onezana kama wezi.

Alinieleza. Mwaka mmoja kabla ya mume wangu kuugua, familia moja iliwaita wampige video mama yao aliyekuwa anakata roho. Walitaka video ya maneno yake ya mwisho, awabariki. Mtaa mzima ulimwogopa yule mama. Ilisemwa waliogombana naye waliamka mabubu, na ilisemwa pia kwamba usiku nyumbani kwake zinasikika sauti nyingi, na yeye anaishi peke yake. Watoto wake walimsihi aseme chochote. Hakusema nao. Alimtazama mume wangu aliyeshika kamera.

"Alimwambia, wewe unachukua sura za watu," mhariri alinong'ona. "Mimi, akasema, nachukua sauti. Nipe nafasi humo ndani nikae. Kisha akafa, kamera inawaka."

"Akajibu nini, mume wangu?"

"Unamjua mume wako. Hawezi kumnyima mtu. Alikuwa anamtuliza tu mgonjwa. Akasema, sawa, mama."

Waliporudi studio, ile video ilikuwa bubu tangu mwanzo hadi mwisho. Wakaihifadhi kwenye diski pamoja na nyingine. Wiki chache zilizopita, alipoifungua tena, mhariri alianza kusikia mama yake mzazi, marehemu, akimwita kutoka kwenye harusi za watu. Aliitika siku nne. Akashtuka, akaacha, akabaki na huo mnong'ono.

"Na mume wangu? Alikuwa anaitwa na nani?"

Mhariri aliangalia viatu vyake.

"Na wewe, shemeji."

"Mimi nilikuwa hai."

"Nilikuwa namsikia jioni, anaongea, anacheka. Nasikia na sauti yako kwenye spika. Nilidhani mmepigiana simu. Nikasema, wana raha hawa wenzetu."

Sikuweza kumtazama. Nazikumbuka jioni zile. Nilikuwa narudi nimeita majina mia mbili, koo kavu, na sina neno hata moja lililobaki la kumpa. Ananiuliza habari za kazi, namjibu nzuri, nalala. Akaanza kuchelewa studio. Sikumuuliza anachelewa na nani.

Mhariri alileta nyundo. Tuliiweka diski kwenye ngazi ya saruji, mimi nikaishika pembeni. Alinitazama, nikatikisa kichwa kukubali. Nyundo ilishuka mara tano, boksi likapasuka, vile visahani vyake vinavyong'aa kama vioo vikaruka vipande. Pikipiki zilipita barabarani, mtu alikuwa anafagia nyumba ya pili. Yote hayo nayasikia.

Nyundo haikutoa mlio hata mmoja.

Sauti yangu haikurudi. Zahanati walinihamishia chumba cha nyuma, kwenye majalada, ambako hakuna wa kumwita. Wananiita Kipaza bado. Ni watu wazuri, hawajui waniite nini kingine. Mchana kuna pilika. Jioni ndiyo ngumu. Kitu kinachonitafuna si yule bibi. Ni ule mnong'ono. Bibi asingeniambia nizime. Aliyeniambia ni mume wangu mwenyewe, kwa kile kisauti kidogo alichobakiwa nacho. Alikuwa mule, ameshika kamera.

Na mimi nilishika diski wakati inapigwa nyundo.

Jumapili moja mchana mdogo wangu alipiga simu. Ameolewa mbali, na kwa kuwa mnong'ono wangu haufiki kwenye simu, tuna utaratibu wetu: yeye anaongea, mimi nagonga simu kwa kucha, moja ndiyo, mbili hapana.

"Dada, nilikuwa naangalia harusi yangu. Ile flashi aliyonipa shemeji, unaikumbuka?"

Moja.

"Mbona siku zote sikusikia? Wewe na shemeji mnaongea nyuma ya kamera, mwanzo mpaka mwisho! Mnachekea habari za mwenye nyumba na ndoo. Nimelia, dada. Sauti yako ile ya zamani kabisa."

Nilisimama.

"Halafu kuna bibi mmoja meza kuu simkumbuki. Ni wa upande wa shemeji?"

Mbili. Mbili. Mbili. Nikakata, nikaandika ujumbe: *Umeongea naye? Umejibu chochote? Futa sasa hivi.*

Akapiga tena. "Dada, unanitisha. Sijaongea na mtu. Nafuta, sawa, nafuta." Kisha akasema, "Lakini... nikuwekee simu kwenye spika? Usikie mara moja tu, ndipo nifute?"

Nilijua jibu sahihi ni mbili.

Nikagonga moja.

Nilisikia ukumbi, vijiko, watoto wanakimbizana. Kisha yeye, karibu, amechoka kidogo kama mtu aliyesimama siku nzima.

"Jirani? Uko wapi?"

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Sikuwa na kitu cha kumpa. Lakini kule, kwenye ile video, sauti yangu nzima, nene, ile iliyokuwa ikijaza ukumbi wa watu mia mbili, ikamwitikia.

"Niko hapa."

Halafu kelele za ukumbi zikakatika. Mdogo wangu akasema, "Basi, dada. Nimefuta."

Nilimwamini. Bado anapiga kila Jumapili, na anapiga mapema kuliko zamani, ana mengi ya kusimulia. Ila siku hizi anaongea chini chini mpaka nabana simu sikioni ndipo nimsikie. Nimemwandikia mara tatu kumuuliza ana nini.

Anasema ni mtandao.