Kasi na Seva ya Kaka Yake

Kila siku akitoka shule, Kasi alivua sare, akala kilichofunikwa mezani, kisha akafuatana na mama yake kwenda hospitali. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu hakuwa na subira hata chembe. Alijibu maswali kabla hayajaisha kuulizwa. Siku moja aliwahi kumpelekea mgeni kikombe cha maji ya moto yenye sukari, akisema ni chai, kumbe amesahau kutia majani.

Kaka yake alikuwa amelazwa wodi ya mifupa. Alianguka kutoka juu ya ngazi wakati wanafunzi wa darasa lake wakipaka rangi ukumbi wa shule, akavunjika mfupa wa paja. Mguu wake ulivutwa na kamba iliyopita juu ya gurudumu dogo mwishoni mwa kitanda, na kwenye ncha ya kamba ulining'inia uzito wa chuma. Daktari alisema akae hivyo hivyo, bila kugeuzwageuzwa, mpaka mfupa uunge.

"Mnaniona? Nimeanikwa kama shati," alisema kaka yake, na Mama akacheka huku akifuta macho.

Lakini Kaka hakuwa na raha. Alikuwa kidato cha mwisho, na mwalimu wa ufundi alikuwa akisubiri michoro yake ya nyumba: kuta, paa, mabomba na vipimo vyote. Kazi hiyo ilihesabiwa kwenye mtihani, na mwisho wa kuipokea ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa kubwa, haibebeki. Wodini alikuwa na kishikwambi cha zamani ambacho kikifunguliwa programu ya kuchorea kilizimika chenyewe.

Aliyepata njia ni Mjomba, mdogo wake Mama. Mjomba alikuwa fundi wa mitambo ya simu na mara nyingi alikuwa safarini. Jumamosi asubuhi alipiga simu nyumbani.

"Shikamoo, Mjomba!"

"Marahaba. Washa kompyuta, tumfanyie kaka yako kitu. Tutamkodia seva pepe."

"Pepe? Ndiyo yenye mapepo?"

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Hapana, wewe! Sikiliza. Mahali fulani mbali kuna kompyuta kubwa mno. Wenyewe wameigawa kwa programu, kama jengo lenye vyumba vingi vya kupangisha. Sisi tunachukua chumba kimoja. Mpangaji akiwa ndani anaona kama ana kompyuta nzima peke yake. Kaka yako ataifungua kwenye kishikwambi, ataona picha tu ya skrini yake. Kazi nzito itafanyika huko huko."

Kasi alikaa wima. Mjomba alichagua chumba kwa akaunti yake, akaweka ndani yake mfumo wa kuiendesha uitwao Linux, kisha akamtumia Kasi anwani na nenosiri. Kasi aliingia kupitia dirisha jeusi lisilo na picha yoyote, lenye maandishi matupu. Mjomba alimsomea amri moja moja, naye akaziandika. Kwanza wakasasisha mfumo. Kisha wakaweka eneo-kazi, yaani ile skrini yenye aikoni na madirisha ya kubofya, maana seva huja uchi, haina hata kiteuzi cha kipanya. Halafu wakaweka huduma ya kulifungulia eneo-kazi hilo kutoka mbali, wakamtengenezea Kaka jina lake la kuingilia, na mwisho wakaweka programu ya kuchorea.

"Sasa umebaki ukuta wa ulinzi," alisema Mjomba. "Seva ina milango mingi. Ukuta hufunga yote isipokuwa ile uliyoiruhusu. Hiyo tutafanya pamoja kesho kutwa nikitulia. Usiuguse peke yako, umesikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

Mchana huo huo Kaka aliingia kwenye seva akiwa kitandani. Skrini ya bluu ilipotokea kwenye kishikwambi, alimshika Kasi kichwa akakitikisa kwa furaha. "Dada yangu mtaalamu! Kumbe una akili hivi?" Mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba na yeye aonyeshwe. Jioni, kabla ya kuondoka, Kasi alimwacha kaka yake akichora ukuta wa sebule, ulimi nje kama mtoto.

Jumatatu Mjomba hakupiga. Kasi alingoja kidogo, akachoka. Alitafuta mtandaoni akapata maelezo ya kuwasha ukuta wa ulinzi. Ilikuwa amri fupi tu, ya maneno mawili. "Hii ndiyo ya kungojea watu wazima?" alisema moyoni. Akaingia kwenye dirisha jeusi, akaiandika. Seva ikamuuliza swali refu kidogo. Kasi hakulisoma. Aliandika herufi ya ndiyo, akabofya, na seva ikajibu kwamba ukuta umewaka. Akafunga dirisha akijisikia mkubwa.

Alipojaribu kuingia tena, hakuingia.

Alirudia. Dirisha jeusi lilikaa kimya, kisha likasema muda umekwisha. Akajaribu lile eneo-kazi, nalo likazunguka na kuzunguka, mwisho likakataa. Alizima kompyuta akaiwasha. Akabadilisha mtandao. Akarudi kusoma yale maelezo, na safari hii aliyasoma yote. Kabla ya kuwasha ukuta, yalisema, ruhusu kwanza mlango unaoingilia. La sivyo utajifungia nje.

Kompyuta iliyoharibika nyumbani unaweza kuipiga kofi, ukaitikisa, ukamwita fundi aifungue. Hii alijua haina pa kushikwa. Ilikuwa mahali asikokujua, nzima kabisa, inanguruma pamoja na michoro yote ya kaka yake, na milango yake yote imefungwa.

Hospitali siku hiyo alimkuta Kaka amekunja uso. "Tangu mchana haifunguki. Kuna nini?"

Hapo ndipo pa kusema. Kasi alifungua mdomo, na maneno yaliyotoka hayakuwa yale aliyoyapanga njiani. "Nadhani ni mtandao wa hapa hospitali. Nyumbani inafunguka vizuri."

"Ah," alisema Kaka. "Basi watarekebisha."

Jumanne haikufunguka. Shuleni Kasi hakusikia hata somo moja. Aliporudi alijaribu tena seva, kana kwamba mashine ingemhurumia. Alishika simu ili ampigie Mjomba, akaiweka chini, akaishika tena. Angemwambia nini, na alikatazwa waziwazi? Kila saa iliyopita ilifanya neno liwe zito zaidi. Jumatano asubuhi hakuweza kunywa hata uji, na Mama akamgusa shingo kuona kama ana homa.

Siku hiyo walipofika wodini, wauguzi watatu walikuwa wamekizunguka kitanda cha Kaka.

"Mnafanya nini?" aliuliza Mama kwa hofu.

"Kijana ametusumbua tangu jana," alisema nesi wa zamu. "Anasema mtandao haufiki hapa, tumsogeze karibu na dirisha. Daktari amekubali, ila kwa uangalifu. Mama, simama pale, tafadhali."

Walisukuma kidogo kidogo, mmoja ameushika ule uzito wa chuma usiyumbe. Gurudumu la kitanda lilikwama kwenye ufa wa sakafu. Kitanda kikaruka kidogo tu. Kaka alipiga ukelele ambao Kasi hakuwahi kuusikia kwake, hata siku aliyoanguka. Akauma shuka, jasho likamtiririka mashavuni.

"Pole, pole, tumefika," alisema nesi.

Kasi alisimama katikati ya wodi, mikono imemning'inia. Alitaka kuwazuia, lakini walikuwa wameshamaliza. Alitaka kuyabeba yale maumivu, lakini hayakuwa yake. Kaka alipopata pumzi, alinyoosha mkono, akachukua kishikwambi na kujaribu kuingia. Picha ikazunguka, ikazunguka, ikakataa.

"Hata hapa," alisema taratibu. "Basi. Ijumaa imenishinda."

Kasi akaangua kilio. "Si mtandao! Kaka, si mtandao. Ni mimi. Niliwasha ukuta wa ulinzi, Mjomba alinikataza. Nimeifunga seva, siwezi kuifungua. Nilikudanganya."

Kaka alimtazama, kisha akageuza uso upande wa ukuta. Kasi angependa agombezwe, hata apigwe kofi, kuliko kule kugeuziwa kisogo.

Mama alitoa simu mkobani. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mpigie mjomba wako. Sasa hivi."

Kasi alieleza yote huku akisinasina. Mjomba alimwacha amalize, kisha akauliza.

"Uliandika nini? Niambie neno kwa neno."

Akamwambia.

"Seva ikakuuliza swali. Lilisemaje?"

"Sijui, Mjomba."

"Hujui, na ukajibu ndiyo?"

"Ndiyo, Mjomba."

Mjomba alivuta pumzi. "Haya. Futa machozi, michoro ya kaka yako ipo salama. Kampuni inayotukodisha ina dirisha la dharura. Halipiti kwenye milango ile. Ukilifungua ni kama umekaa mbele ya mashine yenyewe, kibodi mkononi. Lakini linafunguliwa kwa akaunti yangu tu. Ungeniambia Jumatatu, tungemaliza kabla chai yako haijapoa."

Walisikia vidole vyake vikigonga kibodi. Aliruhusu mlango wa dirisha jeusi, kisha mlango wa eneo-kazi. "Haya, mwambie ajaribu."

Mama alimgusa Kaka begani. Kaka akajaribu bila kugeuka. Picha ikazunguka, na mara skrini ya bluu ikafunguka. Programu ya kuchorea ilikuwa wazi kama alivyoiacha, na mstari wa ukuta wa jiko ulikuwa umeishia katikati.

Kaka alianza kazi papo hapo. Alichora Jumatano hiyo na Alhamisi yote, akipumzika kila paja lilipomchoma, na tangu kitanda kisukumwe lilimchoma mara nyingi. Ijumaa alituma michoro kwa mwalimu. Ukurasa wa paa, ambao alitaka uwe mzuri kuliko yote, ulikwenda bila vipimo. Wakati haukutosha.

"Nisamehe, Kaka," alisema Kasi.

"Nitakusamehe," alijibu. "Ila leo bado nimekasirika." Baada ya kitambo akamsogezea nafasi kidogo ukingoni mwa kitanda, akae.

Jumapili Mjomba alirudi. Alimwita Kasi sebuleni, akakaa naye mbele ya kompyuta. Kasi alijua kitakachofuata, akainamisha kichwa.

"Niangalie," alisema Mjomba. "Kuharibu seva si jambo kubwa. Tunaojifunza kazi hii huharibu, ndivyo tunavyojua. Makosa yako mawili ni mengine. La kwanza, ulijibu swali ambalo hukulisoma. Mashine ilikuonya kwa maandishi, ukaona inakuchelewesha. La pili ni zito zaidi. Ulinyamaza, halafu ukadanganya. Mashine ikifungwa hukaa pale pale inangoja, haiumii. Aliyeumia ni mtu kitandani, aliyeamini neno lako. Ukiharibu kitu, kiseme saa hiyo hiyo, maana pengine mwenye kukitengeneza yuko jirani nawe na wewe hujui."

"Nimeelewa, Mjomba."

"Sijui kama umeelewa. Tutaona." Akafungua akaunti yake, akachagua seva nyingine ndogo kabisa, tupu. "Hii ni yako. Haina kazi ya mtu ndani. Ivunje upendavyo, uijenge tena. Sharti ni moja, kila ikivunjika niambie."

Kasi alivuta kiti. Aliandika amri, na kila seva ilipouliza swali alilisoma kwa sauti, hata Mama aliyekuwa akikunja nguo akaomba apunguze kelele. Mjomba alitoka nje kuzungumza na majirani. Hakukaa sana, Kasi akamfuata mlangoni, uso umemwiva kwa aibu.

"Mjomba, nimeiharibu."

Mjomba aliwaaga majirani, akakunja mikono ya shati. "Vizuri sana," alisema. "Njoo unionyeshe."