Bahari ya Mathenge

"Mgonjwa ameongea. Kuja uone."

Ujumbe uliingia kwenye Nokia 6300 ya Nasimiyu saa tatu na robo asubuhi. Alikuwa kwenye foleni ya daktari wa mifupa mjini Nakuru, namba kumi na nne. Namba kumi na tatu ndiyo kwanza ilikuwa imeitwa.

Akautazama mlango wa daktari. Akalitazama goti lake. Akainuka.

Katika Idara ya ujasusi, mgonjwa ni shahidi aliyepotea. Akiongea, maana yake ameonekana. Na "kuja uone" haikuwa ombi.

Ilikuwa Novemba 2008. Nasimiyu alikuwa jasusi kwa miaka kumi na tisa, na hakuwa amelala vizuri tangu ghasia za uchaguzi za Januari. Hakuna mtu wa Bonde la Ufa aliyehitaji kumuuliza kwa nini.

Aliingia kwenye Probox yake nyeupe, ambayo kioo chake cha pembeni kilishikiliwa na waya. Wanaodhani majasusi huendesha BMW hawajawahi kuona gereji ya Idara. Bastola yake aina ya CZ 75 ilikuwa chini ya kiti, imefungwa kwenye leso. Akapiga simu.

"Saba hapa," akasema, jina lake la kazini.

"Muturi yuko Diani," alisema Cherono, mkubwa wake kule Nairobi. "Wakili wa Brandt ameleta CD kortini. Jamaa amekaa beach, bahari nyuma yake, anasema alidanganya. Ati polisi walimlazimisha. Ati asitafutwe."

"Na wewe umeamini?"

"Nimetuma watu Diani. Lakini hakimu ataiangalia saa nane. Akiikubali, Brandt anarudishiwa passport. Ndege yake ni jioni."

"Na Muturi?"

"Hapo hawatamhitaji tena." 

Muturi alikuwa dereva wa lori. Kwa miaka miwili alibeba ngano ya Brandt, mgeni mwenye shamba kubwa Ndabibi, bila kujua kwamba chini ya ngano kulilala pembe za ndovu. Siku alipojua, alikwenda mwenyewe kusema. Alikuwa shahidi pekee. Siku nne zilizopita alitoka kununua maziwa, hakurudi.

Bila shaka watu wa Brandt walimwacha hai kwa sababu moja tu, huenda hakimu akataka kumsikia kwenye simu. Baada ya saa nane sababu hiyo ingekwisha.

"Wataalamu wetu wanasema watahitaji wiki mbili kuchunguza hiyo CD," Cherono alisema.

"Wape pole," Nasimiyu akasema, akakata simu.

Kwenye benchi la korti ya Nakuru, alipokwenda kuchukua nakala ya CD, alimkuta mwanamke mwenye kitambaa cha buluu kichwani. Wachuka, mke wa Muturi. Alikuwa ameonyeshwa CD saa moja iliyopita. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha Nasimiyu kuliko machozi.

"Wewe ndiye madam wa serikali?" Wachuka aliuliza. "Ukimpata mwambie asirudi. Mimi nalala kwa mortuary na kwa vituo vya polisi nikimtafuta, kumbe yeye anaota jua Mombasa."

 Nasimiyu akatia nakala ya CD mfukoni, akaenda.

*

Kama unataka kujua picha imepikwaje, usimwendee polisi. Mwendee mpishi.

Mpishi alikuwa Sudha, mwenye studio ya harusi karibu na soko. Miaka hamsini na ushee, miwani yenye mnyororo, na kompyuta tatu zilizounguruma mchana kutwa. Nakuru nzima ilimwita Mama Ritu.

"Niko na harusi ya Jumamosi," alisema kabla hajasalimiwa.

"Niko na mtu atauawa leo, Mama Ritu."

Sudha akasogeza kiti.

Akaiweka CD. Kwenye skrini Muturi alikaa kwenye kiti cha plastiki. Nyuma yake minazi iliyumba, mawimbi yalikuja yakarudi. Alisema maneno yake taratibu, kama mtu anayesoma.

Sudha hakumsikiliza hata kidogo. Alitazama maji, akigonga meza kwa ukucha.

"Kumi na mbili," alisema.

"Kumi na mbili nini?"

"Hii bahari ni picha moja. Still. Mtu ameichukua Photoshop, akaitoa copy kumi na mbili. Kila copy kwa layer yake, na kila layer maji yanasukumwa kidogo tu. Ukizicheza moja baada ya nyingine, maji inatembea. Ikifika ya kumi na mbili inaanza tena. Angalia ile povu hapo kwa bega yake. Moja, mbili..."

Nasimiyu aliangalia. Povu lilizaliwa, likafa, likazaliwa palepale na umbo lilelile. Tena. Tena. Alihisi uchovu wa ajabu kulitazama, kwani ndivyo mwaka wake wote ulivyokwenda.

"Kwa hivyo ni feki. Hakimu ataniuliza, nani amesema?"

"Ngoja basi." Sudha alikuza picha mpaka maji yakawa vibao vya rangi. Ghafla akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Ai, huyu mjinga! Unaona hii pinki?"

Chini kwenye maji kulikuwa na madoa ya waridi, marefu, yakicheza na mawimbi. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Hiyo ni flamingo," Sudha alisema. "Amewafuta ndege. Amesahau vivuli vyao kwa maji."

Nasimiyu alirudisha mgongo kitini. Ziwa Nakuru.

"Ni kazi yetu ya kila siku," Sudha aliendelea, sasa kwa aibu kidogo. "Maharusi wa hapa wanataka honeymoon Mombasa, na nafasi ya kwenda hawana. Tunawapeleka hapa kwa kiti. Nachukua picha ya lake, nafuta ndege, naweka minazi, natembeza maji. Wanafurahi. Studio zote za Nakuru zinafanya hivyo. Mtu wa Mombasa hawezi. Yeye atatoka nje apige picha bahari yake."

"Na nani husahau vivuli?"

Sudha alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari. Alichukua muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Nimemfundisha miaka sita. Kila siku nilimwambia, ukifuta juu, futa na chini. Hana subira." Akavaa miwani. "Mathenge. Usimpige."

*

Mathenge alikuwa na kibanda cha kunakili CD nyuma ya stendi. Mwanamume wa miaka thelathini, ndevu za wiki nzima. Alipoona kitambulisho cha Nasimiyu hakukimbia. Alifunga tu macho.

"Nilijua," alisema. "Walisema ni tangazo."

"Tangazo la nini?"

Mathenge akageukia kompyuta yake.

"Ulienda mahali alipo Muturi?"

"La, madam. Waliniletea memory card tu. Jamaa amekaa mbele ya canvas ya kijani. Mimi nikatoa kijani, nikaweka bahari."

"Original iko wapi?"

"Walisema nifute." Akavuta keyboard. "Sijawahi kufuta kazi. Client hurudi kila wakati anasema abadilishiwe kitu."

Akafungua faili. Bahari ikatoweka. Muturi yuleyule, maneno yaleyale, lakini jicho moja lilikuwa limevimba, na nyuma yake lilining'inia turubai kuukuu la kijani, lile ambalo wakulima hufunikia nafaka. Juu yake, kwa rangi ya manjano, kulikuwa na maandishi makubwa: HARDEEP RONGAI 7.

"Hayo maandishi yalinisumbua usiku mzima," Mathenge alisema. "Kijani inatoka, manjano haitoki. Nikayafuta frame moja moja. Na jicho pia."

Simu yake ikalia mezani. Wote wawili waliitazama.

"Ni wao," akanong'ona.

"Jibu."

Sauti ya mwanamume ilisema maneno machache. Mathenge akakata simu, uso wa jivu. "Wanakuja kuchukua hii kompyuta saa hii. Wanasema leo wanamaliza kila kitu."

Saa tano na nusu.

Nasimiyu alitia memory card mfukoni, akamsukuma Mathenge na kompyuta yake ndani ya Probox, akamtupa kwa Sudha. Alichosikia Mama Ritu akimwambia kupitia dirishani hakiwezi kuandikwa hapa. Kisha akashika barabara ya Eldoret, mkono mmoja kwenye usukani, simu sikioni.

Namba ya Hardeep haikuwa ngumu kupata: kila mkulima wa Rongai alimjua, kwani ndiye aliyekodisha mashine za kuvunia na maturubai. Aliyapaka jina na namba kwa sababu watu wa Rongai ni waaminifu sana, ila kwa maturubai.

"Namba saba?" Hardeep alifoka. "Hao wezi! Walichukua wiki mbili zimepita, wakasema siku tatu. Iko kwa store ya zamani hapo kwa reli, gate ya bluu. Nimetuma watu mara nne. Wewe ni nani?"

"Mtu wa tano," Nasimiyu alisema.

Akashika redio ya Motorola. "Kituo, Saba. Rongai, ghala la reli, lango la buluu."

"Askari wanafika baada ya dakika arobaini," Cherono alijibu. "Ngoja."

"Hana dakika arobaini."

"Saba, ngoja!"

Alizima redio. Hakufanya hivyo kwa ushujaa. Alikuwa amesubiri mara mbili mwaka huu, na mara zote mbili alifika wakati wa kuhesabu maiti.

*

Lango la buluu. Ndani yake geti dogo. Jua la saa sita na nusu lilichoma ardhi, na makapi ya ngano yalielea hewani.

Alichomeka CZ mgongoni chini ya sweta, akachukua garini daftari la gereji, akagonga kwa kiganja.

"Nani?"

"Nimetumwa na Hardeep! Nataka canvas namba saba!"

"Mathe, rudi kesho!"

"Kesho nini? Kila siku kesho! Leo nisiporudi nayo nafutwa kazi. Nitakaa hapa nipige kelele mpaka chifu akuje!"

Kulikuwa na tusi, kisha komeo likavutwa. Mlinzi alikuwa njemba mwenye koti la ngozi. Alimwona mwanamke wa makamo, anayechechemea, mwenye daftari. Alichokiona kilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana hakuona kingine.

Kitako cha bastola kilimpata nyuma ya sikio.

Akalala.

Ndani kulikuwa na giza na magunia. Turubai lilining'inia kwa kamba kutoka kwenye boriti. Mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, Muturi, pingu mikononi. Nyuma ya kiti, chini ya turubai, mtu wa pili alisimama ghafla, mkononi AK-47.

"Karis, ni nani huyo?" akamwita mlinzi wa mlangoni.

Nasimiyu alifyatua mara moja. Hakumlenga mtu. Alilenga kamba.

Turubai la Hardeep, zito, lenye vumbi la mavuno kumi, likamwangukia yule bwana kichwani. Bunduki ikalia mara tatu kuelekea paa. Goti la Nasimiyu likapiga kelele alipoyaruka magunia, naye akapiga kelele pamoja nalo. Akaangukia juu ya turubai kwa uzito wake wote, akasukuma mdomo wa bastola pale palipovimba zaidi.

"Acha hiyo bunduki, boss. Nimechoka vibaya. Usinijaribu."

Bunduki ikagonga sakafu.

Muturi alimtazama kwa jicho lake moja lililofunguka. "Wachuka yuko salama?"

"Salama. Amekukasirikia."

Akalia hapohapo, kwa sauti, bila kujificha.

Walinzi aliwafunga kwa kamba za magunia, akawaachia askari. Saa saba yeye na Muturi waliondoka. Njiani, pale Salgaa, malori yalikuwa yamejipanga kilomita mbili nyuma ya trela lililolala, na Probox ikapita kando, kwenye mchanga na mashimo, dereva akiomba kwa Kibukusu na abiria kwa Kikuyu.

*

Saa nane na dakika ishirini na tano walisukuma mlango wa korti.

CD ilikuwa ikichezwa. Kwenye televisheni mbele ya hakimu Muturi alikaa ufukweni, mawimbi yakija na kurudi. Mlangoni alisimama Muturi, makapi kwenye nywele, pingu zilizokatwa zikining'inia mkono mmoja.

Mtu mmoja akageuka. Kisha wote. Brandt, suti ya kijivu, aligeuka wa mwisho, na rangi ikamtoka usoni.

Wakili wake alikuwa mwepesi. "Mheshimiwa, hii inathibitisha tu kwamba shahidi amerudi kwa hiari yake kutoka Diani."

Hakimu alimtazama Muturi juu ya miwani. "Ulirudi lini kutoka baharini?"

Muturi aliitazama televisheni kwa muda. Alikuwa anaiona CD hiyo kwa mara ya kwanza.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi bahari sijawahi kuiona. Ndiyo hiyo?"

Watu walicheka. Hakimu hakucheka. Pasipoti ilibaki kwenye meza ya karani, na Brandt alishuka ngazi kati ya askari wawili.

Nasimiyu alikuwa ameshatoka. Wachuka alimkuta uani, amekaa kwenye boneti ya Probox, akisugua goti.

"Madam." Akasimama mbele yake. "Nilimuona kwa hiyo TV nikaamini. Miaka kumi na sita tumeoana, na nikaamini palepale. Lakini wewe, hata humjui, ukakataa kuamini. Uliwezaje?"

Nasimiyu aliacha jibu la kumtuliza. Akampa la kweli.

"Mama, mimi siamini mtu yeyote. Nikiona picha ya harusi naangalia kama kuna kitu kimefutwa. Usinionee wivu." Akashuka kwenye boneti taratibu. "Wewe ulimwona bwanako ukaumia. Mwambie hivyo hivyo. Yuko pale mlangoni, anaogopa kukuja."

Wachuka akageuka.

Nasimiyu hakungoja kuwaona wakikutana. Aliwasha gari, akarekebisha waya wa kioo, akatoka uani polepole kama mtu anayerudi kutoka sokoni.