Mifuko Minne ya Saruji

Mama muuza mkaa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anadai mpaka leo kwamba mlinzi wa shule alikutwa na mifuko ya saruji uvunguni mwa kitanda chake. Anadai mzee yule alichomoa panga, ndipo wazazi wakampiga katika kujihami. Anaisimulia hadi mate yanamruka. Lakini siku ile yeye alikuwa kwake akipima mkaa. Mimi nilikuwa pale, na panga halikuwepo.

Nilikuwa darasa la sita. Wenzangu waliniita Sisimizi, kwa kuwa nilikuwa mdogo na nilipenda kubeba makubwa. Madarasa mawili ya shule yetu hayakuwa na paa. Mvua ikianza, tulikumbatia madaftari tukakimbia. Shirika moja la wafadhili lilikubali kutusaidia. Lilileta saruji kwanza, likaahidi mabati na madawati iwapo saruji itatumika vizuri. Wazazi walitoa nguvu zao: mchanga, kokoto, maji. Kila asubuhi, kabla ya kengele, tulikuwa tumeshamwaga ndoo mbili mbili kwenye pipa la fundi.

Fundi alitupa kazi mimi na rafiki yangu Kinanda, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Tutandike mbao kwenye sakafu ya udongo ya stoo, ili mifuko ipangwe juu yake. Alituonya kwamba saruji ikilala chini hunywa unyevu na kuwa jiwe. Tulitandika, ila mbao mbili za mwisho tulizifanya pembea nyuma ya stoo, zikavunjika. Pale palipobaki wazi tulipafunika kwa magunia. Wabebaji walipanga mifuko bila kujua.

Baada ya wiki tatu za mvua niliingia nikaibonyeza ile ya pembeni. Minne ilikuwa mawe.

"Tuitupe kwenye shimo la choo cha zamani," alisema Kinanda. "Wewe funga mdomo, nami nifunge wangu. Shimo halina ulimi."

"Huo wako unafungika?" nikamwuliza. Tukacheka, na kucheka kule ndiko kukawa kukubali.

Jumamosi mchana babu mlinzi aliniomba nimwangalizie mlango wa stoo, akatie kitu tumboni. Alisema mjukuu kama mimi ndiye wa kuachiwa mlango. Alipopinda kona tu, Kinanda akaja na toroli. Tulikwenda safari nne.

Jumatatu fundi alihesabu mifuko, akarudia. Ufunguo ulikuwa kwa mlinzi. Wazazi waliokuwa wakichekecha mchanga waliacha makoleo wakamzunguka. Mmoja alisema mabati hayaji tena, na watoto wao watanyeshewa kwa ajili ya tumbo la mtu mmoja. Muuza nyama ndiye aliyeanza. Kofi lake liliangusha kofia ya mzee, na mzee alipoinama kuiokota, teke likamkuta mdomoni. Meno mawili yalianguka mchangani. Walimburuta kwa ukosi wa koti hadi kwenye rundo la kokoto, na kila aliyefika aliinama akaokota. Jiwe moja lilimpiga jichoni. Alilifunika kwa kiganja, damu ikapita katikati ya vidole.

Alirudia neno moja tu, kwamba hajui. Alikumbuka vizuri nani alibaki mlangoni siku ile. Hakunitaja.

Kinanda alinibana mkono hadi kucha zikaingia. "Nyamaza, Sisimizi. Watatugeukia sisi."

Ndipo nikamwona baba yangu, mtu ambaye hata kuku humwomba jirani amchinjie, akipenya katikati ya watu na mpini wa jembe. Nilichomoka, nikajitupa juu ya mzee. Mpini ulikuwa umeshashuka. Niliusikia mfupa wa mkono wangu ukilia kabla sijasikia maumivu.

"Baba, mifuko iko kwenye shimo la choo," nikasema. "Niliitupa mimi. Babu hajui kitu."

Fundi alikwenda na mti mrefu, akachokoa shimoni. Tulisikia ukigonga. Muuza nyama alianza kufuta viganja vyake kwenye suruali, akafuta, akafuta. Baba aliketi chini palepale.

Mwalimu mkuu alifika na mama wa shirika wakati tunapandishwa kwenye gari kupelekwa zahanati. Hakumficha mgeni wake hata tone. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, akasema mabati yatakuja, maana ameambiwa ukweli kabla hajauliza. Saruji iliyoharibika wazazi waliahidi kuifidia wenyewe, kwa kufyatua matofali ya ukuta wa stoo mpya. Kinanda naye alijitokeza akalia mbele ya wote.

Kesho yake mwalimu mkuu alitusimamisha uwanjani, watoto na wazazi pamoja.

"Wanangu," alisema, "kosa likisemwa siku ile ile, mwenyewe analibeba kwa mkono mmoja. Likifichwa, hutafuta mgongo wa mtu mwingine. Na ninyi wazazi, mngeuliza kabla ya kupiga, kuna mtoto hapa angepata nafasi ya kujibu."



Madarasa yakaezekwa. Mvua iliponyesha hatukukimbia tena. Lakini jicho la mzee halikupona. Mwalimu mkuu alimfuata nyumbani kumwomba arudi kazini, baba alimfuata mara mbili, muuza nyama alimfuata akabaki uani bila kupata neno la kuanzia.

Siku niliyofunguliwa plasta nilikwenda peke yangu. Nilimkuta mlangoni akisokota kamba. Nilipiga magoti.

"Babu, nisamehe. Na urudi kwetu shuleni."

Aligeuza kichwa hadi lile jicho zima likanifikia. Liliutazama mkono wangu, uliokuwa umekonda na kupinda kidogo. Kisha akachukua uzi mwingine, akauunga kwenye kamba, akaendelea kusokota. Nikabaki nimepiga magoti, nasubiri.