Kiti cha Tatu

Chumba kile kilikuwa na viti viwili siku zote. Jumatano hiyo Kimya alikuta vitatu.

"Wafagizi hao," alisema Sukari. "Kaa, dada yangu mdogo."

Wote wawili walikuwa madaktari wanaosomea magonjwa ya akili. Kazi ile, asikwambie mtu: kutwa unamwagiwa misiba ya wenzio, nawe huna pa kuimwaga. Ndiyo maana hospitali ilimpa kila mwanagenzi mwenzake wa mwaka wa juu, wakutane mchana kupeana moyo. Kanuni ilikuwa moja. Mmoja akisema, mwenzake ayarudie maneno yaleyale kama yake, ili msemaji ajue amesikilizwa.

Sukari aliitwa hivyo kwa ulimi wake. Angekusifia jipu ukalifuga. Kimya alimwamini kama kaka wa tumbo moja, hana siri asiyompa. Lakini siku hizi kaka mwenyewe alikuwa amekonda, macho yamezama.

"Leo zamu yako, kaka. Sema wewe."

Sukari akakitazama kile kiti. "Mgeni yupo kwangu," alisema polepole. "Nimempokea."

Kimya akadhani uchovu ndio unaoitwa mgeni. Akarudia kwa upole: "Mgeni yupo kwangu. Nimempokea."

Kiti kikalia kwee, kama kinachoinukiwa na mtu mzito, na harufu ya nywele zilizoungua ikampita Kimya puani. Sukari akashusha pumzi ndefu. Akaomba chai.

Tangu hapo, kila Kimya alipoketi na mgonjwa, kwee, nyuma yake, na akigeuka haoni kitu, ila ile harufu inamjia shingoni pamoja na pumzi ya moto, ikienda akienda, ikisimama akisimama, mpaka mzee mmoja wa wodini, aliyekuwa hajatamka neno miaka miwili, akamwinamia na kunong'ona, "Daktari, huyo aliyekuegemea mbona hana macho?" naye Kimya akaandika kwenye faili: anaona visivyokuwapo.

Amwambie nani? Mganga hajigangi. Bosi akisikia tu, kesho faili ni lake, na udaktari ndio basi.

Akamkuta Sukari kantini, mashavu yamerudi, anakula kwa mikono miwili.

"Ulijua?"

"Punguza sauti."

"Ulijua, kaka?"

"Hata mimi nilipewa na aliyenitangulia. Nimevumilia mwaka mzima, Kimya. Nina watoto."

"Nami nilikuwa nani kwako?"

Sukari akakoroga chai iliyokwisha korogwa. "Jumatano wanakuletea binti mpya. Mwambie kama nilivyokwambia. Hakuna njia nyingine."

"Nilikupa moyo wangu, ukaufanya jalala."

Akaondoka akiapa kwamba yeye hatamfanyia mtoto wa watu hivyo. Jumatano asubuhi alikibeba kile kiti kwa mikono yake, akakitupa nyuma ya jengo. Mchana akakikuta kimerudi mahali pake.

Binti akaingia, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani, kidaftari mkononi. "Shikamoo, dada. Nimefundishwa kusikiliza. Nisipopatia unirekebishe."

"Marahaba. Keti, mwanangu. Nataka nikuonye." Sauti ya Kimya ilikwaruza. "Niliyemwamini alinisaliti. Mgeni yupo kwangu, nimempokea bila kujua..."

Machozi yakamlenga binti. Akamshika mkono.

"Nimekusikia, dada. Mgeni yupo kwangu, nimempokea bila kujua."

"Usirudie," akamalizia Kimya.

Kwee.

Wodini wanabishana mpaka leo. Wapo wanaosema alipitiwa. Wengine wanauliza, neno dogo kama lile, mtu mwenye nia njema angeliweka mwisho?

Binti akajifuta shingo, akageuka nyuma, akageuka tena. "Dada, kuna kitu kinaungua?"

"Mimi sisikii harufu yoyote," alisema Kimya, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, ilikuwa kweli.

Akashusha pumzi ndefu. Akaomba chai.